Mbawakawa Wafyatukao Wenye Mwanga: Ainisho na Mtawanyiko Wao

Ndugu wasikilizaji, familia ya Elateridae ina spishi zipatazo 10,000 duniani. Mbawakawa hawa hutambulikana kwa namna wanavyojinusuru wakiwa chali: mwiba ulio chini ya kifua huingia kwa nguvu katika kitundu kilicho nyuma yake, mwili ukafyatuka hewani kwa mlio mkali. Nitajifunga na zile spishi takriban 200 zitoazo mwanga, kwa kuwa zinaonyesha wazi hatari ya kujenga ainisho juu ya sifa moja.

Nyingi ni za kabila la Pyrophorini, nusufamilia ya Agrypninae, na makazi yao yameenea kutoka kusini mwa Marekani, kupitia visiwa vya Karibi, hadi Argentina. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeasisi mfumo wa majina ya spishi, aliieleza mojawapo mwaka 1758. Leo tunaiita Pyrophorus noctilucus. Ina taa mbili kwenye pembe za nyuma za ngao ya kifua, na ya tatu chini ya tumbo, ambayo huonekana mdudu anaporuka. Mabuu ya Pyrearinus termitilluminans, yanayostahili mhadhara wao wenyewe, huishi katika vichuguu vya mchwa kwenye mbuga za Brazili, na mwanga wao huwavuta wadudu wanaoliwa nao.

Lakini mwanga haukomei hapo. Jenasi ya Photophorus iko Fiji na Vanuatu, mbali mno na Amerika. Balgus wa Amerika Kusini wamo katika nusufamilia nyingine, Thylacosterninae. Na mwaka 2019 ilielezwa Sinopyrophorus schimmeli kutoka Yunnan, China, yenye taa moja tu, tumboni, ambayo ililazimu kuundwa kwa nusufamilia mpya. Jenomu ya mitokondria yake, yaani jeni za viungo vya seli vinavyozalisha nishati, haikuiweka karibu na Agrypninae, jambo linalounga mkono hoja kwamba mwanga ulizuka zaidi ya mara moja ndani ya familia hii.

Afrika ina Agrypninae wengi, na pia ina Tetralobus wakubwa ambao mabuu yao pia hukaa na mchwa, ila Tetralobus hao hawajulikani kuwaka. Vimulimuli wetu ni wa Lampyridae: taa yao iko mwishoni mwa tumbo, nao hawana ule mwiba wa kufyatukia. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, ingawa makundi haya mawili hutumia lusiferini ileile, yaani kemikali inayotoa mwanga, kimeng'enya kinachoiwasha kilizuka katika kila kundi peke yake.