Anayejitolea Haombi Ruhusa

Rehema: Karibuni tena kipindini. Baraka, leo nina jambo langu mwenyewe.

Baraka: La ile ofisi uliyoanzia?

Rehema: Lenyewe. Nimemaliza chuo, nikapata mahali pa kujitolea. Nikaambiwa nivumilie miezi mitatu, nafasi ikitoka ni yangu. Ikawa miezi 11. Saa mbili asubuhi nasaini daftari la mahudhurio, saa kumi na moja jioni natoka. Napewa nauli, basi. Nilipofikisha miezi tisa pale, bibi yangu akafariki Tanga. Nikaomba siku nne. Bosi akasema, "Likizo ni ya waajiriwa. Wewe unajitolea." Akanipa siku mbili.

Baraka: Pole sana, dada. Mazishi uliyawahi?

Rehema: Niliyawahi. Matanga yanaendelea, mimi niko kwenye basi narudi Dar.

Baraka: Sasa tazama. Anayejitolea kweli haombi ruhusa. Anayefundisha watoto wa mtaani kwake hisabati kila Jumamosi, siku asipoweza anatuma ujumbe tu. Lakini mtu akiweza kukukatalia kwenda msibani, huyo anatawala muda wako. Na hapo sheria ina neno.

Rehema: Sheria ipi?

Baraka: Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kinauliza: nani anakupangia kazi na saa zako? Wewe ni sehemu ya taasisi hiyo? Vitendea kazi ni vya nani? Umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita? Kimoja tu kikiwepo, unahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Rehema: Saa 45 kwa mwezi? Mimi wiki ya pili ilikuwa haijafika katikati nimeshazimaliza!

Baraka: Ndiyo maana neno "kujitolea" kwenye barua haliwezi kumlinda mwajiri peke yake. Na ukishakuwa mwajiriwa, haki zinakuja zote: mshahara usiopungua kima cha chini cha sekta yako, likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, likizo ya ugonjwa, uzazi siku 84. Kuhusu bibi yako sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa angalau siku nne zenye malipo mtu akifiwa na mzazi, mwenza, ndugu wa damu, mjukuu, bibi au babu. Inatakiwa uwe umefikisha miezi sita kazini.

Rehema: Nilikuwa na tisa.

Baraka: Ulikuwa na tisa.

Rehema: Siku nne zilezile nilizoomba... Baraka, niliomba kwa unyonge kabisa, kama naomba hisani. Lakini wengi watasema, "Sina mkataba, nitathibitisha nini?"

Baraka: Hili watu hawalijui kabisa. Kuandika masharti ya kazi ni jukumu la mwajiri. Shauri likifika mbele, akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai ni wake. Wewe weka ulivyonavyo: picha za daftari la mahudhurio, meseji za WhatsApp anazokutuma kazi, miamala ya nauli kwenye simu.

Rehema: Halafu nakwenda wapi?

Baraka: CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unajaza fomu namba moja. Ila chunga siku: umeachishwa, una siku 30, madai mengine kama mshahara au likizo, siku 60. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi.

Rehema: Mimi zangu zilipita nikisubiri barua ya ajira. Kila wiki naambiwa iko mezani. Kwa hiyo wewe unayetusikiliza, kama siku zako hazijaisha, piga picha lile daftari kesho asubuhi, kabla hujasaini.