Genge, Siasa na Deni la Madaraka
(Mhadhara uliotolewa katika Ngome ya Lamu)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu mchana huu, ahsanteni kwa kuja.

Mada niliyopewa ni magenge ya uhalifu na siasa, na namna pande hizi mbili zinavyosaka madaraka. Najua jibu ambalo wengi wenu mmekuja nalo, maana nalisikia kila jioni barazani: hawa wote ni wezi, wanatofautiana kwa mavazi tu. Nalikataa jibu hilo, kwa sababu linamfaa mwizi. Wananchi wakishasema serikali nayo ni genge, mwenye genge anapumua. Amekuwa mtu kama watu wengine. Lakini pia siwezi kuwadanganya kwamba hawa wawili hawajuani. Wanajuana sana, na mahali wanapokutana sisi wapiga kura tunapajua. Nitafika huko.

Tuanze na hii ngome tuliyokaa ndani yake. Watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, pale Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, walishinda na bado wakawa na hofu. Adui angeweza kurudi. Wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman, kuomba ulinzi. Sayyid akakubali. Wakaja askari wake, akaja liwali wake, na ngome iliyoanza kujengwa 1813 ikakamilika 1821. Mazrui hawakuupata mji huu. Lakini aliyeombwa kulinda hakuondoka tena, wala hakulinda bure. Na jengo lililojengwa kumzuia adui wa nje, wazee wangu mnakumbuka, mpaka 1984 lilikuwa jela ya kuwafungia watu wa ndani.

Simwiti Sayyid Said jambazi. Ninachosema ni kwamba madaraka, ya halali na ya haramu, mara nyingi huanza na mtu kumwambia mwenzake: nitakulinda. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alilieleza jambo hili kwa asabiya, yaani ule mshikamano wa watu walio tayari kufa pamoja. Alisema mwisho wa asabiya ni ufalme: kundi lililoshikamana halitosheki na kujihami, litataka kutawala. Karne nyingi baadaye, mwaka 1985, msomi wa Marekani Charles Tilly akaandika kwamba dola za Ulaya zilijengwa kwa njia inayofanana na ya magenge. Mfalme alitoza watu fedha awalinde na vita, na vingine katika vita hivyo alivianzisha mwenyewe. Kwa hiyo anayesema wamefanana ana hoja. Wamepitia mlango mmoja. Swali ni nini kilitokea baada ya mlango.

Nendeni nami Palermo, kisiwani Sicilia. Kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo. Genge la huko, liitwalo Mafia, hutoza wenye biashara fedha ya ulinzi, na atakayeuliza analindwa na nani atajibiwa kwa moto dukani. Grassi alikataa. Januari 1991 akachapisha barua gazetini, akimwandikia moja kwa moja yule mtozaji asiyemjua jina kwamba halipi. Wafanyabiashara wenzake wengi wakamwacha peke yake. Tarehe 29 Agosti mwaka huo huo akapigwa risasi barabarani, karibu na nyumbani kwake.

Sasa mvuvi wa hapa anayetozwa ushuru na kaunti pale anaposhusha samaki naye halipi kwa kupenda. Lakini anapewa risiti. Kiwango kimewekwa na sheria iliyopitishwa na watu ambao yeye ana kura ya kuwaondoa. Akiona ameonewa, ataandika barua kama ya Grassi, na jibu baya kabisa atakalopata ni kupuuzwa. Msinielewe vibaya: najua wapo watozaji wasiotoa risiti. Hao ndio ninaowasema mimi. Siku afisa anapokea fedha bila risiti, siku hiyo ameondoka upande mmoja akahamia upande wa pili, hata kama sare bado iko mwilini.

Wengi hudhani mkuu wa genge anataka kiti. Mara chache sana. Pablo Escobar wa Kolombia, mkuu wa genge la kokeini, alikitaka. Mwaka 1982 alichaguliwa mbunge wa akiba. Kiti kile kilimwanika. Waziri wa sheria, Rodrigo Lara Bonilla, akamtaja hadharani, Escobar akalazimika kutoka bungeni, na Aprili 1984 waziri akauawa. Escobar mwenyewe aliuawa na polisi Desemba 1993. Wenzake wenye akili zaidi walijifunza kwamba kiti ni mzigo. Kinachofaa ni aliyekalia kiti awe na deni lako.

Na hili deni nataka tulitazame taratibu, kwa sababu ndipo kiini cha maneno yangu kilipo.

Huko huko Palermo, mwaka 1986 ilianza kesi kubwa ya mafia ambayo haijapata kuonekana. Washtakiwa walikuwa zaidi ya 450, mahakama ikajengewa jengo lake la zege kando ya gereza, na Desemba 1987 watu 338 wakapatikana na hatia. Wakuu wa mafia hawakuhangaika sana. Walikuwa na mtu wao: Salvo Lima, aliyewahi kuwa meya wa Palermo, mshirika mkubwa wa Giulio Andreotti, ambaye alishika uwaziri mkuu wa Italia mara saba. Kwa miaka mingi kura za watu wa mafia zilikuwa zimekwenda kwa wanasiasa hao. Walitegemea kwamba rufaa ikifika mahakama ya juu kabisa, hukumu zitavunjwa. Tarehe 30 Januari 1992 mahakama ikazithibitisha. Tarehe 12 Machi, Lima akauawa kwa risasi. Dawa ya deni ni kulipa, na yeye alishindwa kulipa. Mei wakamuua jaji Giovanni Falcone kwa bomu, Julai wakamuua mwenzake Paolo Borsellino.

Tazameni nani aliuawa kwanza. Kabla ya majaji waliopambana nao kwa uaminifu, walianza na mwanasiasa aliyekuwa wao. Kijana anayeota siasa hapa Lamu, nakuomba ulishike hilo. Ukila fedha za watu wale, usidhani umepata rafiki.

Mtaniambia haya ni ya Wazungu. Desemba 2004 zaidi ya tani moja ya kokeini ilikamatwa Nairobi na Malindi, nyumba ya jirani hapa. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi kwenye bahari yetu hii likiwa na kilo 1,032 za heroini. Na Mombasa, ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014 kwa biashara ya dawa za kulevya. Kesi ya kupelekwa kwao Marekani ilijikokota mahakamani zaidi ya miaka miwili, mpaka Januari 2017 walipopandishwa ndege. Huko New York walikiri, na miongoni mwa waliyokiri ni kutoa rushwa ili kesi ya nyumbani isifike popote. Mmoja akafungwa miaka 25, mwingine 23. Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Bila shaka anaujua unga kwa njia nyingine, kwa kijana aliyeuza sufuria za nyumbani moja baada ya nyingine. Kila kete iliyomfikia yule kijana ilipita mbele ya mtu aliyelipwa asiione.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Ukija msimu wa kampeni, teremkeni gatini asubuhi. Mtaona boti zimepangwa kwenda Faza, Kizingitini, Kiunga. Mitungi ya petroli inashushwa, fulana zinagawiwa, vijana wana muguka, yale majani ya kutafuna, mkononi na noti mfukoni, na mzee mmoja wa heshima anaitwa pembeni kupewa bahasha ya nauli. Petroli ya boti si rahisi, na mgombea mwenyewe jana alikuwa hana hata kodi ya nyumba. Nani amelipa? Hatuulizi. Tunasema mkono mtupu haulambwi, tunapanda boti.

Kenya ilipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013, ya kuweka mipaka ya matumizi na kumtaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi. Tume ya uchaguzi ilipotangaza viwango mwaka 2021, wabunge wakavikataa. Tukaenda kwenye uchaguzi wa 2022 bila mipaka hiyo. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu mlango ambao genge huingilia kwenye siasa tulikuwa tumeshauwekea kufuli, na waliokataa kulifunga ni wale wanaopita hapo.

Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: basi kwa nini nisiseme wote ni wamoja? Kwa sababu mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET. Malipo yalisumbua, najua. Na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa hapa kwetu. Walioshinda kesi hizo wengi ni watu wa hapa hapa. Waliishtaki serikali na kampuni kubwa, kisha wakarudi makwao kwa boti na kulala. Libero Grassi hakuwa na pa kumshtaki mtozaji wake akabaki hai.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Naomba kila kikundi kilicho hapa, cha wavuvi, cha kina mama, cha vijana wa boti, kimwite kila mgombea na kumuuliza mbele ya watu: petroli hii ni ya nani? Akikataa kujibu, boti yake iondoke bila nyinyi.

Nimemaliza. Tuanze na maswali ya kina mama, kabla ya adhana.