Seva Ikizimika, Faili Liko Wapi? Diski za Mashine Pepe Ndani ya Klasta

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Bagamoyo.

Nimeombwa nizungumzie mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya seva halisi, ambazo diski zake ni mafaili. Swali ninalotaka kila mmoja aondoke nalo ni hili: seva ikizimika, faili la diski liko wapi, na nani mwingine anaweza kulifungua?

Mashine pepe haijui kwamba diski yake, kwako wewe, ni faili tu, tuseme mhasibu.qcow2. Ndiyo maana njia hii tunaipenda. Unalinakili, unalihamisha, unalipima kwa amri zilezile za kila siku, bila kuhangaika na kugawa diski kwa LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski vipande.

Tazameni kwenye skrini. Naandika truncate -s 100G jaribio.raw. Amri ya ls -lh inasema faili lina gigabaiti 100. Amri ya du -h inasema sifuri. Zote zinasema kweli: ya kwanza inasoma ukubwa ulioahidiwa, ya pili inahesabu nafasi iliyokwisha kuliwa. Sasa weka mashine 20 za namna hiyo kwenye diski ya terabaiti 1. Umeahidi mara mbili ya ulichonacho. Siku nafasi ikiisha, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, kwa kawaida huisimamisha mashine iliyotaka kuandika, kisha inayofuata, kisha nyingine, na simu zinaanza kuita. Tena, kufuta vitu ndani ya mashine hakurudishi nafasi mpaka uwe umewasha discard, ruhusa ya kurudisha nafasi iliyoachwa, na mashine yenyewe ikaendesha fstrim, amri ya kuirudisha. Mimi napenda tahadhari inipigie kelele diski ikifika asilimia 80, hata kama ni usiku wa manane.

Tuje kwenye klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja; kila seva humo tunaiita nodi. Ganeti, programu ya kusimamia klasta za mashine pepe, inatenganisha wazi aina mbili: file, yaani faili lililo kwenye seva moja, na sharedfile, lililo kwenye hifadhi ambayo nodi zote zinaiona. Kwenye Proxmox, programu nyingine ya kazi hiyo, kuna alama ya shared unayoweza kuiwekea saraka, na hapo wengi huteleza. Alama ile haisambazi chochote. Wewe ndiye unayeiambia klasta kwamba saraka hiyo ni ileile kwenye kila nodi. Ukiiweka juu ya saraka ya ndani ya seva moja, umeidanganya. Nodi ikifa, klasta itajaribu kuiwasha mashine kwingine, itafungua saraka, na faili halitakuwepo.

Suluhisho la wengi ni NFS, njia ya seva kadhaa kutumia mafaili yaleyale kupitia mtandao, kazi ya Sun Microsystems ya mwaka 1984, na bado inafaa. Ila mtandao wa gigabiti 1 haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa na mashine zote. Nunueni switchi ya pili, hata kama ni kuzunguka Kariakoo siku nzima, diski ziwe na njia yake.

Linaloninyima usingizi zaidi ni nodi mbili kuandika kwenye faili moja. Nodi A imepoteza mtandao wa klasta lakini bado iko hai. Nodi B inadhani mwenzake kafa, inaiwasha mashine ileile. Ext4, mfumo wa mafaili ulio ndani ya diski hiyo, haikutengenezwa kwa waandishi wawili; inaharibika. QEMU ilianza kufunga mafaili ya diski kwa kufuli tangu toleo la 2.10, mwaka 2017, na ni jambo jema, lakini kufuli juu ya NFS hutegemea mtandao, nao unaweza kukatika. Kwa hiyo nodi ziwe 3, wawili wakubaliane kabla ya kuamua, na aliyebaki peke yake azimwe kwa lazima. Msiruke hatua hiyo ya kumzima.

Na umeme wetu mnaujua. NFS ina chaguo la async: seva inajibu kwamba data imeandikwa ilhali bado iko kwenye kumbukumbu. Kasi inapanda sana. Umeme ukikatika na UPS ikaishiwa, hifadhidata ya mhasibu imeshaambiwa muamala umehifadhiwa, na muamala haupo. Kesho asubuhi, kwenye seva ya NFS, fungueni /etc/exports, faili la mipangilio yake. Palipo na async kwenye saraka ya diski za mashine, wekeni sync, kisha endesheni exportfs -ra ili mabadiliko yaanze kufanya kazi.