Modeli ya Jengo la Umma Iwekwe Mbele za Watu Mapema

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa usanifu majengo, nanyi mafundi seremala mlioacha kazi zenu mchana huu mkaja: asanteni sana. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa kuzungumzia modeli za majengo zinazotengenezwa kwa mkono. Nitabaki kwenye majengo ya umma: soko, mahakama, zahanati, nyumba ya ibada. Nyumba ya mtu binafsi ni maelewano ya mwenye nyumba na fundi wake. Jengo la umma lina wenyewe wengi, na wengi wao hawasomi ramani. Ukiwatandazia karatasi wataitikia kwa adabu, kisha watakwenda zao. Ukiwawekea modeli mezani watainama, watachungulia, wataanza kubishana. Ubishi huo ndio nimekuja kuutetea.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha London. Moto mkubwa wa Septemba 1666 uliliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na kazi ya kubuni jipya ikamwangukia msanifu Christopher Wren. Kati ya 1673 na 1674, seremala William Cleere na wenzake walimtengenezea modeli ya mbao za mwaloni na plasta, kwa skeli ya takriban 1:25, yaani kila mita 25 za jengo zinakuwa mita moja kwenye modeli. Urefu wake unapita mita 6, na kimo chake ni karibu mita 4. Iligharimu kama pauni 600, fedha ambayo zama zile ingekununulia nyumba nzuri mjini humo. Modeli hiyo ipo mpaka leo, imehifadhiwa ndani ya kanisa lenyewe.

Mfalme Charles II aliupenda ubunifu ule. Makasisi wakaukataa. Walisema haufanani na makanisa waliyoyazoea, hauna ukumbi mrefu wa maandamano ya ibada, na tena hauwezi kujengwa kwa awamu: nguzo zote za kuba zingepaswa kupanda pamoja, na waumini wangekaa miaka mingi bila mahali pa kusalia. Kumbukumbu za familia ya Wren zinasema kwamba baada ya hapo aliazimia asitengeneze tena modeli wala kuonyesha michoro yake hadharani, kwa kuwa ilimpotezea muda na kuiweka kazi yake mikononi mwa waamuzi wasiojua.

Namheshimu mno Wren, lakini hapo simfuati. Hebu yatazameni tena malalamiko ya makasisi. Tutasalia wapi wakati ujenzi unaendelea? Swali hilo ni la mtu atakayelitumia jengo, na lina uzito kuliko mapambo yote. Modeli ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Wren mwenyewe alikubaliwa ubunifu mwingine mwaka 1675, akapewa ruhusa ya kubadilisha madoido, naye akaitumia ruhusa hiyo kwa mapana sana, hata kanisa lililokamilika likatofautiana mno na mchoro ulioidhinishwa. Ni jengo la ajabu, sikatai. Lakini si kila anayejenga nyuma ya mabati ni Wren.

Roma nako kulikuwa na modeli ya Basilika la Mtakatifu Petro, ya msanifu Antonio da Sangallo, iliyotengenezwa kwa mbao kuanzia 1539 hadi 1546, urefu wake zaidi ya mita 7. Sangallo alipofariki, Michelangelo akarithi kazi, akaulaumu ubunifu ule kwenye barua: unazuia mwanga, umejaa vichochoro vya giza ambamo maovu yatafanyika, na jioni wakati wa kufunga kanisa watahitajika watu 25 kuwasaka waliojificha. Nalipenda sana jicho hilo, jicho la mlinzi mwenye funguo. Tatizo ni kwamba modeli ile ilikuwa imekula miaka saba. Modeli ikishatumia muda na fedha kiasi hicho hugeuka wakili wa mchoro. Kila anayeikosoa anaonekana mharibifu.

Kwa hiyo nawaomba modeli za mapema, za kadibodi, zenye alama za penseli bado.

Sasa, skeli. Ukuta wa sentimita 23, kwa 1:200, unabaki milimita moja na ushei. Ni kadibodi moja tu, na humo huwezi kujua dirisha limezama kiasi gani wala kivuli chake kitaangukia wapi. Kwa 1:50 ukuta huohuo unakaribia milimita 5. Hapo inakubidi uzikate kingo za dirisha, uamue kizingiti kitoke nje kiasi gani, maji ya mvua yadondokee wapi. Kisu hakikuachi upite bila kujibu. Ndiyo maana nasisitiza mkono, hasa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili.

Na jambo moja lisiwadanganye. Modeli kusimama hakuthibitishi kwamba jengo litasimama. Toka 1:25 uende kwenye jengo halisi la vifaa vilevile: uzito umeongezeka mara 15,625, lakini eneo la mkato wa nguzo limeongezeka mara 625 tu. Kila sentimita ya mraba ya mkato wa nguzo inabeba uzito mara 25. Mwanasayansi Galileo aliyaeleza haya tangu 1638, na bado namwona mtu akibonyeza paa la modeli kwa kidole na kusema ni imara. Uimara muulizeni mhandisi. Modeli iulizeni mwanga, njia, foleni, kelele, mahali pa mama mwenye mtoto mgongoni kukaa.

Hii iliyo mezani ni ya zahanati, 1:50. Paa linanyanyuka. Kuta za ndani sikuzigundisha. Zimechomekwa kwenye mifereji ya sakafu, ili muuguzi akisema machela haiwezi kukata kona hii, tuung'oe ukuta palepale na kuusogeza mbele yake. Kando yake nimeweka penseli, na kila anayesogeza kitu aandike sakafuni sababu yake. Maswali nitayapokea hapahapa mezani, na ningependa mafundi waanze.