Koko ni mkubwa kuliko sambaza

Jambo yenu, bandugu wa Bukavu, Goma na Uvira! Leo niko jikoni hapa Bruxelles, simu nimeiegemeza kwenye bidoni ya mawese, ikianguka mtanisamehe.

Angalieni hii. Sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Kifuko hiki kidogo, kinaenea kwenye kiganja, nimekitoa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Bruxelles, kwa euro nane. Kwa pesa hiyo pale Kadutu, Bukavu, ningelisha nyumba nzima.

Sasa, juzi nilibishana na kijana wa Goma. Yeye anasema sambaza ni chakula cha mababu. Nikampigia koko wangu, ndiye bibi yangu, nikaweka sauti ili naye asikie. "Koko, mulipokuwa watoto, sambaza mulikuwa munakula?" Koko akacheka mpaka akakohoa. "Sambaza gani? Hazikukuwako!"

Koko alizaliwa 1938. Sambaza waliletwa ziwa Kivu mwaka 1959. Kwa hiyo koko anawapita kwa miaka 21, heshima yake.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa, likatafuta mlango kusini: ndiyo mto Ruzizi yetu, unaoshuka mpaka ziwa Tanganyika kule Uvira. Ukisimama pale darajani unaona maji yanavyokimbia. Kivu iko kama mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika kama 770 tu. Sasa samaki wa Uvira angepanda yale maporomoko na mapezi gani?

Kwa hiyo ziwa letu lilikuwa na samaki wa aina chache. Tilapia na wenzake walikaa karibu na ukingo. Katikati, vijidudu vinavyoelea majini havikuwa na mlaji wa maana. Wakati wa Wabelgiji wakachukua vitoto vya ndagala, yaani dagaa, kule Tanganyika, aina mbili, wakavimwaga Kivu. Aina moja haikushika. Nyingine, wanasayansi wanaiita Limnothrissa miodon, ikazaana. Hiyo ndiyo sambaza. Na wanaishi juujuu tu, maana kule chini hakuna hewa, kuna gesi.

Koko anasema siku ya kwanza alipoleta sambaza nyumbani, mama mkwe alimgombeza: "Unatupikia watoto wa samaki? Kesho tutakula nini?" Akakataa kugusa. Baadaye ndiye aliyekuwa anakwangua sufuria.

Ukiuliza sombe, yale majani ya muhogo, nayo safari yake ni ndefu zaidi: muhogo ni wa Amerika ya Kusini, Wareno waliuleta pwani ya Kongo karne ya 16. Maharagi, mahindi, pilipili, karanga, wote ni wa ng'ambo ile ile. Mawese ndiyo yetu kabisa. (Bidoni, simama vizuri.)

Ninachokosa hapa si ladha tu. Ni zile taa usiku, ukiwa Nguba pale Bukavu, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa kwa miti mirefu, na wavuvi wanaimba wakipiga kasia. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, asubuhi bei inapanda.

Haya, nimewaosha, chumvi, ndimu. Mafuta yamepata moto, sikieni... chwaaa! Kichwa hakitolewi, msinidanganye. Dirisha nimefungua, maana mara iliyopita jirani wa juu aligonga akiuliza nini kimekufa. Nikampa sahani. Leo amegonga tena, lakini amekuja na sahani yake.