Unywele wa Rehema, na fundi wa CNC anatoka wapi

Rehema: Juma, wiki hii nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio, jina tuliache. Wana mashine ya kukereza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, mpya, imefunikwa turubai. Aliyekuwa anaiendesha kaondoka. Shafti ya mtambo mwingine ikakatika, wakakimbilia kwa mafundi wa mtaani, Gerezani. Jioni ile ile ikarudi, imekerezwa kwa mashine ya mkono, kazi ikaendelea.

Juma: Beringi iliingiaje kwenye hiyo shafti?

Rehema: Kwa nyundo kidogo. Si inatakiwa ibane?

Juma: Ibane kwa kipimo. Mchoro ukidai 0.02 ya milimita, ni 0.02. Unywele wako, dada, ni mnene mara tatu ya hapo.

Rehema: Umeupima lini?

Juma: Maikromita ninayo, kifaa cha kupimia unene. Lete mmoja… 0.07!

Rehema: Sasa ndevu zako.

Juma: Aisee, taratibu! Ngapi?

Rehema: 0.12. Hii ni nondo, kaka. Na fundi mitambo wetu wa hapa studio analeta unywele wake… 0.06.

Juma: Rudia, umeikaza mno. Kuna kile kirungu cha nyuma, zungusha mpaka kilie. Na usiikumbatie kiganjani, inapata joto. Vipimo vya kiwandani vinahesabiwa kwa nyuzi 20. Chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 10, kinarefuka kama 0.01.

Rehema: Na Dar hii yenye nyuzi 31?

Juma: Ndiyo maana chumba cha vipimo kinawekwa kiyoyozi. Hilo Gerezani hulipati.

Rehema: Fundi wa Gerezani analipata akifundishwa! VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanarasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa anachokijua, anazibwa mapengo, anapewa cheti. Yule mzee aliyekereza shafti akisikia mlio tu anajua kisu kimekuwa butu. Mfundishe mchoro na programu, mpe ile mashine.

Juma: Mimi nampa kijana aliyetoka chuoni na hesabu zake. CNC ukikosea namba moja, kisu kinaingia kwenye chaki, ile taya inayoshika chuma, kabla hujafika kwenye kitufe chekundu.

Rehema: Kijana huyo ameigusa CNC mara ngapi, wakati darasa zima linazunguka mashine moja?

Juma: Basi aende uanagenzi pacha, chuo na kiwanda kwa pamoja. Ujerumani ni miaka mitatu hadi mitatu na nusu, na analipwa.

Rehema: Miaka mitatu turubai linakaa juu ya mashine? Fundi yupo leo, Juma.

Juma: Yupo, kwa nyundo.

Rehema: Hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

Juma: Wala mimi. Tulipanga kutaja mambo matano kwa wenye viwanda, wenzetu wa kipindi kinachofuata wako mlangoni.

Rehema: Hatujataja hata moja. Nipe hiyo maikromita, mmoja wao ana rasta.