Mnara wa Chogha Zanbil Usitazamwe Peke Yake

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika.

Chogha Zanbil iko mkoa wa Khuzestan, kusini-magharibi mwa Iran, kilomita zipatazo 30 kutoka magofu ya mji wa kale wa Susa. Wageni wengi huupiga picha mnara ule wa hekalu, kisha wakageuza gari. Nawasihi msifanye hivyo, kwa maana majirani zake, magofu ya Haft Tappeh na Susa, ndio wanaoueleza.

Aliyeujenga ni Untash-Napirisha, mfalme wa Elamu, dola ya kale ya kusini-magharibi mwa Iran, mnamo 1250 KK, kwa ajili ya miungu Inshushinak na Napirisha. Kitako chake ni mraba wenye mita 105 hivi kila upande. Wataalamu hukadiria ulifikia mita 50 na ushei, nao leo umebaki na 25 hivi.

Ila urefu si ajabu yake kubwa. Roman Ghirshman, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji kuanzia 1951 hadi 1962, alibaini kwamba orofa zile hazikubebana. Kwanza lilijengwa jengo la mraba lenye ua katikati. Baadaye, ndani ya ua huo, zikainuliwa orofa nyingine kutoka ardhini, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, ya katikati ikiwa ndefu kuliko zote. Ngazi nazo zilipita ndani ya jengo. Kwenye mnara wa hekalu wa Uru, Iraki, ngazi ziko nje, kila mtu anaziona. Hapa aliyesimama chini hakuweza kumfuata kuhani kwa macho, na mimi naamini ilikusudiwa iwe hivyo.

Mkifika, sogeleeni ukuta. Ndani ni matofali mabichi, nje yamevikwa ya kuchoma, na kila baada ya safu kadhaa kuna safu yenye maandishi ya kikabari, yale ya kale ya alama zenye umbo la kabari. Mfalme anajitaja: mwana wa Humban-numena, mfalme wa Anshan na Susa, miji ya Elamu. Amejitaja tena na tena, kuta nzima. Halafu tazameni sakafuni, kuna unyayo wa mtoto aliyekanyaga tofali kabla halijakauka. Nikiulizwa nini kimenigusa zaidi pale, nautaja unyayo huo kabla ya mfalme.

Haft Tappeh ni ya zamani zaidi, karibu karne moja au zaidi. Wanaakiolojia wa Iran wakiongozwa na Ezzatollah Negahban walifukua pale kaburi lenye paa la kuba la matofali. Anzeni hapo, kisha mteremke kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Chogha Zanbil. Mtaona mafundi wa mfalme walirithi ujuzi uliokwisha komaa.

Susa ndiyo Shushani ya Esta na Danieli. Ashurbanipal wa Ashuru aliivamia karne ya 7 KK, akajisifu kwa maandishi kuwa amelibomoa hekalu la mnara la mji huo. Ngome inayoonekana juu ya kilima si ya Waelamu; waliijenga wachimbaji Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, kwa matofali ya magofu yaleyale. Jambo hilo linaniuma kila nikilitaja.

Sanamu ya Napir-Asu, mke wa Untash-Napirisha, ilipatikana Susa. Ni ya shaba, kilo 1,750, haina kichwa, na iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Mlio na ndugu Paris, kaioneni huko kwanza: mikono imekunjwa mbele, na gauni lake lina tarizi iliyochongwa hadi pindoni.